Jinsi ya Kusoma Ushairi wa Kiebrania wa Andalusi: Mwongozo Kamili kwa Anayejua Vina na Mizani

Mswahili hutunga shanga na hutunga shairi, na kitenzi ni kimoja. Washairi wa Kiebrania wa Zama za Kati nao walikita kina cha shairi katika neno la shanga: *haruz*, kutoka mzizi wenye maana ya kupitisha shanga kwenye uzi. Ubeti wao waliuita *bayit*, yaani nyumba, ndugu wa *bayt* ya Kiarabu iliyotupa sisi "ubeti". Mizani waliiita *mishkal*, uzito wa kupimwa, sawa kabisa na picha iliyomo katika neno letu. Kwa hiyo mtu aliyelelewa na tenzi haingii ugenini anapofungua fasihi hii.

Mwongozo huu una lengo dogo. Ukiufuata kwa mwezi mmoja na nusu hivi, utaweza kusoma shairi moja la beti tatu kwa Kiebrania, kupima mizani yake, kuisikia Biblia iliyojificha ndani yake, na kueleza nini kilikuwa kinatokea duniani lilipotungwa. Fasihi nzima ni pana mno: ina mashairi ya ibada kutoka Palestina ya kale, masimulizi ya mauaji ya mwaka 1096 kule bonde la Rhine, hadithi za Italia. Tutakaa sehemu moja, Andalusi, yaani Hispania ya Waislamu, kati ya miaka ya 950 na 1150. Hapo ndipo palipo na utamu mwingi, na ndipo sikio la Kiswahili litakapokusaidia zaidi.

Tafuta vitu vitatu. Biblia ya Kiswahili iliyo kamili, ya karatasi au ya simu, ni ya lazima hata kama wewe si Mkristo. Daftari. Na intaneti ya kukufikisha kwenye Mradi wa Ben-Yehuda au Sefaria, ambako maandishi mengi ya Kiebrania yanasomwa bure. Kamusi iache kwanza. Itakukatisha tamaa kabla ya siku ya tatu.

Hatua ya 1: Weka miji na miaka kichwani

Fanya hivi kabla ya kugusa shairi lolote. Chora ramani ya Hispania kwenye daftari, mbaya vyovyote itakavyokuwa, uandike Cordoba, Granada, Malaga, Zaragoza, Tudela na Toledo. Kisha pachika matukio.

Cordoba ni mwanzo. Abd al-Rahman III alijitangaza khalifa mwaka 929, na katika baraza lake alikuwako tabibu Myahudi, Hasdai ibn Shaprut, aliyeshughulikia pia mambo ya nje. Hasdai aliishi kama wakubwa wa Kiarabu walivyoishi: alikuwa na mali, alikuwa na waandishi, na alitaka kusifiwa kwa beti. Bila mfadhili wa namna hii hakuna ushairi wa aina hii, na hilo ulikumbuke kila utakapoona shairi la sifa lililopitiliza.

Mwaka 1013 Cordoba iliangukia mikononi mwa majeshi ya Waberiberi. Kijana mmoja aliyekimbia mji huo, Shmuel, alikimbilia Malaga, akaishia kuwa waziri wa mfalme wa Granada na kiongozi wa Wayahudi wa huko, ndiyo maana akaitwa HaNagid. Ukhalifa ulipovunjika, kila mji ukawa na mfalme wake, na kila mfalme alitaka makatibu wenye kalamu nzuri. Vurugu za siasa zikawa neema kwa washairi, kwa muda. Shmuel alifariki mwaka 1056, na miaka 10 baadaye, Desemba 1066, mwanawe Yehosef aliyerithi uwaziri aliuawa pamoja na Wayahudi wengi wa Granada.

Halafu andika miaka mitatu: 1085, Wakristo wanaitwaa Toledo, 1090, Almoravidi, watawala Waislamu wa Moroko, wanaingia Granada, miaka ya 1140, Almohadi, waliowapindua Almoravidi, wanavuka bahari kutoka Moroko, na maisha ya Wayahudi katika Andalusi ya Kiislamu yanakwisha kwa kuslimishwa kwa nguvu au kukimbia. Washairi wote wakubwa wa mwisho ni watu wa kuhama. Ukishajua hilo, utaelewa kwa nini mashairi yao yamejaa barua, mabaharia na kwaheri.

Hatua ya 2: Herufi, kwa wiki mbili

Herufi za Kiebrania ni 22, zote konsonanti, na huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyepita chuoni na kusoma Kurani atacheka: alef, bet, gimel, dalet ni *abjad* ile ile, kwa mpangilio ule ule. Alama za irabu huwekwa juu, chini na ndani ya herufi kama zilivyo harakati za Kiarabu. Ambaye hakupita chuoni asiogope. Jifunze herufi mbili kwa siku, uziandike kwa mkono, usitegemee macho tu.

Zoezi la kwanza nalipenda kuliko mengine. Tafuta wimbo wa Sabato uitwao *Dror Yikra*. Mtunzi wake ni Dunash ben Labrat wa karne ya 10, na wimbo bado unaimbwa mezani na Wayahudi siku ya Ijumaa usiku na Jumamosi. Chukua ubeti wa kwanza, tazama herufi ya kwanza ya kila mshororo: dalet, vav, nun, shin. Soma kwa mfuatano huo: Dunash. Mtunzi ametia saini yake ukingoni. Tenzi zetu nazo zina watunzi wanaojitaja mwishoni, na zina tungo zinazofuata herufi za alfabeti moja baada ya nyingine, kwa hiyo mchezo wenyewe unaujua. Siku utakapoiona saini hiyo kwa macho yako, bila kuambiwa, herufi zitakuwa zimekwisha kukuingia.

Hatua ya 3: Jifunze ubeti umejengwaje, na ulisababisha ugomvi gani

Ubeti wa Andalusi una vipande viwili katika mstari mmoja, kama ukwapi na utao. Kwa kuwa ubeti ni nyumba, kipande cha kwanza huitwa *delet*, mlango, na cha pili *soger*, kifungio. Kasida ndefu ina kina kimoja mwishoni mwa kila kifungio tangu mwanzo hadi mwisho, iwe ni beti 10 au 100.

Hapa kuna mtego kwa Mswahili. Mizani yetu ni kuhesabu silabi: nane na nane, basi. Mizani yao huangalia silabi ipi fupi na ipi ndefu, na mfululizo wake. Silabi fupi ni ile yenye *shva*, kile kimlio kidogo cha haraka kama "ve" au "be" mwanzoni mwa neno, pamoja na jamaa zake wachache. Silabi fupi ikifuatwa na ndefu, jozi hiyo huitwa *yated*, kigingi, kama kigingi cha hema. Silabi ndefu ikisimama peke yake huitwa *tenua*. Ukipanga vigingi na tenua kwa utaratibu fulani unapata bahari fulani, na neno "bahari" tunalolitumia kwa aina za mashairi yetu ndilo walilotumia Waarabu kwa mizani hizo.

Utaratibu huu haukuwa wa Kiebrania. Dunash ndiye aliyeuchukua kutoka Kiarabu. Alikuwa mtu wa Fez aliyesoma Baghdad kwa Saadia Gaon, mwanachuoni mkuu wa Kiyahudi, na alipowasili Cordoba alimkuta Menahem ben Saruq, katibu wa Hasdai, ametoka kutunga kamusi ya Kiebrania cha Biblia. Dunash aliishambulia kamusi ile neno kwa neno, na akaishambulia kwa mashairi yenye mizani mpya. Menahem alianguka. Alipigwa, akafukuzwa, akamwandikia Hasdai barua ya malalamiko ambayo inasomwa mpaka leo kwa uchungu wake. Wanafunzi wake wakamtetea: mizani hii ya kigeni, walisema, inaivunjavunja lugha ya Torati, inalazimisha sauti zisizokuwako. Na hoja yao ilikuwa na ukweli! Tena kejeli ni kwamba walimjibu Dunash kwa shairi lililofuata mizani ile ile.

Aliyefuatilia mabishano yetu ya miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru atautambua ugomvi huu, ila umegeuzwa. Kwetu, vina na mizani vilikuwa jadi na guni ndiyo iliyobisha hodi. Cordoba, mizani ndiyo iliyokuwa mgeni, na wazee waliilaani.

Hatua ya 4: Anza na shairi ambalo sikio lako linalijua

Usianze na kasida. Anza na shairi la Dunash kuhusu mwaliko wa karamu ya divai. Linafunguka hivi: *Ve'omer: al tishan, sheteh yayin yashan.* Yaani: "Naye asema: usilale, kunywa divai ya kale." Hesabu silabi za kila kipande: sita na sita. Sikiliza *tishan* na *yashan*: kulala na kuchakaa kwa umri, mzizi mmoja wa herufi, maana mbili. Kipande cha tatu kinaishia *shoshan*, yungiyungi. Cha nne kinabadilika, kinaishia *ahalim*, udi. Ubeti unaofuata: *rimonim*, *gefanim*, *na'amanim*, kisha *eshalim*.

Umekiona? Vina vitatu vya ndani, na cha nne kinachorudi kila ubeti. Huu ndio mpangilio wa utenzi, kina cha bahari na vyote. Sisemi utenzi ulitoka Cordoba. Shina la Kiarabu limezaa matawi mengi pande nyingi. Lakini msomaji wa Lamu au Tanga akisomewa shairi hili kwa sauti, hata bila kuelewa neno, atajua ubeti umeishia wapi. Na harufu atazijua pia: manemane, hina, udi.

Mwaliko unaendelea kwa bustani, vinanda na mabomba ya maji, hadi unapokatwa ghafla. Mzungumzaji anajibu: nyamaza! Utakunywaje, na Sayuni mbweha wanakimbia? Fungua Maombolezo 5:18 uone mbweha hao walikotoka. Sasa umeishika nusu ya fasihi yote hii: upande mmoja starehe ya Kiarabu inayoelezwa kwa ufundi na hamu, upande wa pili hekalu lililobomoka. Mtunzi anakataa karamu, lakini ametumia beti nyingi nzuri mno kuielezea. Mimi simwamini sana anapokataa.

Hatua ya 5: Shairi moja, wiki moja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Wengi huharibu kwa kununua mkusanyo mkubwa na kuanza ukurasa wa kwanza. Nilifanya hivyo, na baada ya miezi miwili nilikuwa nakumbuka majina tu. Chukua shairi fupi ulikae wiki nzima. La kuanzia ni *Libi vemizrah* la Yehuda Halevi, tabibu na mshairi aliyezaliwa karibu na mwaka 1075. Hili hapa kwa tafsiri ya wazi, bila vina:

*Moyo wangu u mashariki, nami niko ukingoni mwa magharibi;*
*nitaonjaje ninachokula, na kitakuwaje kitamu?*
*Nitazitimizaje nadhiri zangu na viapo vyangu, ilhali*
*Sayuni i katika kamba ya Edomu, nami ni katika pingu ya Uarabu?*
*Ni jambo jepesi machoni pangu kuacha mema yote ya Hispania, kama*
*lilivyo la thamani machoni pangu kuyaona mavumbi ya patakatifu palipobomolewa.*

Siku ya kwanza na ya pili, sauti tu. Pima mlango wa kwanza kwa kupiga meza, silabi ndefu kwa kiganja, fupi kwa kidole: *li-bi-ve-miz*, ndefu ndefu fupi ndefu, *rah-ve-a*, ndefu fupi ndefu, *no-khi-ve-sof*, ndefu ndefu fupi ndefu, *ma-a-rav*, ndefu fupi ndefu. Hii ni bahari ambayo Waarabu huiita basiti. Ukiipiga mara ishirini mkono utaishika wenyewe, na kila ubeti utakaofuata utaingia humo humo.

Siku ya tatu, fuatilia kina. Shairi zima limefungwa kwa *-rav*: *ma'arav*, magharibi, *ye'erav*, kitakuwa kitamu, *Arav*, Uarabu, *neherav*, palipobomolewa. Yapange maneno hayo manne wima kwenye daftari. Utaona kwamba kina kimekwisha kukusimulia hadithi: mtu yuko magharibi, hana ladha, yuko chini ya Waarabu, anatamani palipobomoka. Kuna mtunzi anayetafuta kina ili afunge ubeti, na kuna mtunzi ambaye kina kinamfanyia kazi. Halevi ni huyu wa pili.

Siku ya nne, michezo ya maneno katikati. *Hevel* ni kamba, na pia eneo lililopimwa kwa kamba. *Kevel* ni pingu. Katika kusoma, *be-hevel Edom* na *be-khevel Arav* zinakaribiana mno masikioni, kiasi kwamba Mkristo na Mwislamu wanafungwa kwa sauti moja. Na ubeti wa mwisho: *yekal*, ni jepesi, dhidi ya *yekar*, ni la thamani. Herufi moja tu imebadilika, lamed kuwa resh.

Siku ya tano, fungua Biblia. Mbinu kuu ya washairi hawa ni kupachika vipande vya maneno ya Biblia ndani ya shairi, kama fundi anayepachika vito kwenye pete; wanaoichambua huiita *shibuts*. Msomaji wao alikuwa ameihifadhi Biblia, kwa hiyo neno moja lilimfungulia sura nzima. Neno la nadhiri na viapo litakupeleka Hesabu 30, sheria ya mtu aliyejifunga kwa kauli. Kutimiza nadhiri kutakupeleka Zaburi 116. "Kitakuwa kitamu" kutakupeleka Zaburi 104:34, ambako kutafakari kwa mwenye kusali ndiko kunakuwa kutamu kwa Mungu. Sasa soma tena mstari ule: kumbe kisichokuwa na ladha si chakula pekee, hata sala. Kwa kila kipande unachokigundua, uliza swali moja: kule Biblia neno hili linasema nini, na hapa limegeuzwaje? Mara nyingine mtunzi anakubaliana na aya, mara nyingine anaicheka. Katika mashairi ya mapenzi wanaupora Wimbo Ulio Bora bila haya.

Siku ya sita, historia. Edomu katika lugha yao ni Ukristo. Wapiganaji wa msalaba waliitwaa Yerusalemu mwaka 1099, Halevi akiwa kijana. Ndiyo kamba ya Edomu. Yeye mwenyewe alikulia na kufanya kazi kati ya Hispania ya Wakristo na ile ya Waislamu. Kwa hiyo mstari mmoja umebeba bahari nzima ya Mediterania, upande huu na ule.

Siku ya saba lisome lote kwa sauti, mara moja, ufunge daftari.

Halevi, lakini, hakuishia kwenye beti. Mwaka 1140 alipanda jahazi akafika Aleksandria mwezi Septemba. Wenyeji walimkaribisha kwa karamu juu ya karamu, akaendelea kutunga, na Mei 1141 akapanda chombo tena kuelekea Palestina. Alifariki kiangazi kile kile. Ngano iliyokuja baadaye sana yasema alikanyagwa na farasi langoni mwa Yerusalemu akiwa anaimba. Ni ngano nzuri, iache ibaki ngano.

Hatua ya 6: Usimwamini "mimi" wa shairi haraka

Moshe ibn Ezra wa Granada aliandika kitabu cha kanuni za ushairi, na humo anaikubali kauli iliyokuwa ikizunguka wakati huo: uzuri wa shairi ni uongo wake. Uongo maana yake ni sitiari, kutia chumvi, kuvaa sura. Ukisoma shairi la mapenzi kwa paa, *tsvi*, mwenye macho ya kuua na pete za nywele nyeusi, usiharakishe kusema mtunzi alifanya hivi au vile. Paa huyu ni mgeni wa kila karamu, kama waridi na asumini katika mashairi yetu.

Majigambo nayo ni desturi. Shlomo ibn Gabirol, aliyezaliwa Malaga karibu na mwaka 1021, anajitangaza: mimi ndiye mkuu na shairi ni mtumwa wangu, nina miaka 16, na moyo wangu una busara ya mtu wa miaka 80. Malenga yeyote wa kujibizana angemwelewa. Ila kwake majigambo yana machungu: aliugua ngozi, mfadhili wake Yekutiel aliuawa mwaka 1039, na alikufa bado kijana. Kitabu chake cha falsafa alichokiandika kwa Kiarabu kilibaki kwa Kilatini chini ya jina Avicebron, na wasomi wa Ulaya hawakujua kwamba Avicebron alikuwa Myahudi huyu wa mashairi hadi mtafiti Salomon Munk alipolithibitisha mwaka 1846.

HaNagid ni kesi ya peke yake. Anaposimulia usiku wa kambi, jeshi limelala katika ngome ya magofu, anazungumza mtu ambaye kweli alikwenda vitani na majeshi ya Granada. Msome kwa mizani mbili: ile ya kanuni na ile ya maisha.

Na kama unataka pa kupumzikia, tafuta shairi fupi la Moshe ibn Ezra kuhusu makaburi ya kale: humo ndani hamna chuki wala wivu, na anayetazama hawezi kumtofautisha mtumwa na bwana wake. Aliyewahi kusoma Al-Inkishafi mbele ya kuta za Pate atakaa kimya kidogo hapo.

Hatua ya 7: Sikiliza lugha nyingine chini ya Kiebrania

Watu hawa walizungumza Kiarabu. Nathari yao kubwa, ikiwemo kitabu hicho cha Moshe ibn Ezra na kitabu cha Halevi cha kuitetea dini yake, iliandikwa kwa Kiarabu kilichovikwa herufi za Kiebrania. Sisi tuliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, kwa hiyo jambo hilo halihitaji maelezo marefu: dini humfundisha mtoto herufi, na herufi hizo huandika kila lugha atakayoisema.

Kwa nini basi ushairi ukawa wa Kiebrania? Kwa sababu Waarabu walijivunia lugha ya Kurani kuwa fasaha kuliko zote, na Wayahudi wakajibu kwa lugha ya Torati. Walikopa silaha ya jirani ili washindane naye.

Kuna aina moja ya shairi, *shir ezor*, shairi la mshipi, ambamo mkia wa mwisho hubadilisha lugha. Ghafla msichana anaimba kwa Kiarabu cha mitaani au Kihispania cha kale. Mikia hiyo ya Kihispania iliandikwa kwa herufi za Kiebrania bila irabu, ikakaa karne na karne bila kueleweka, mpaka mtafiti Samuel Stern alipoonyesha mwaka 1948 ni lugha gani. Baadhi yake ni katika ushairi wa kale kabisa tulio nao kwa lugha za Hispania, na uliponea ndani ya mashairi ya Kiebrania.

Hatua ya 8: Jua karatasi ilikotoka

Mengi ya haya tusingekuwa nayo bila stoo moja. Wayahudi hawatupi maandishi yenye jina la Mungu. Huyahifadhi hadi yazikwe. Katika sinagogi ya Ben Ezra huko Fustat, Kairo ya kale, yalirundikwa karibu miaka elfu moja bila kuzikwa: beti, risiti, talaka, barua za biashara. Solomon Schechter, mwanachuoni wa Cambridge, alipelekewa kipande kimoja mwaka 1896 na mapacha wawili, Agnes Lewis na Margaret Gibson, akaenda Kairo, na vipande zaidi ya laki moja na tisini elfu viko Cambridge leo. Picha zake zinatazamwa bure mtandaoni. Zitazame hata kama huwezi kusoma. Wino una adabu yake.

Kutoka rundo hilo zilitoka barua zinazotuambia safari ya Halevi. Rafiki yake aliyezipokea, Halfon ben Netanel, alikuwa mfanyabiashara aliyefika Hispania kwa upande mmoja, Aden na India kwa upande mwingine. Mtu huyu alisafiri kwa kaskazi na kusi, pepo zile zile zilizopeleka majahazi Kilwa.

Na kutoka rundo hilo hilo likatoka shairi la mke wa Dunash. Jina lake halikuandikwa. Mume anaondoka Hispania, mtoto wao pekee yu mikononi mwa mama. Anamvika mke pete kutoka mkono wake wa kulia, mke anamvika bangili yake. Wanabadilishana majoho yao yawe ukumbusho. Mwisho mke anauliza: je, mume angekaa Hispania hata mtawala wake angempa nusu ya ufalme? Watu waliwahi kudhani mumewe ndiye aliyelitunga, hadi mtafiti Ezra Fleischer alipochapisha miaka ya 1980 kipande kilichomtaja mke mwenyewe. Ni shairi dogo na, kwa maoni yangu, ni bora kuliko lolote alilotunga mume.

Hatua ya 9: Pa kwenda baadaye

Kwa kicheko, Avraham ibn Ezra, mzururaji aliyefika Roma na London: ningeuza mishumaa, asema, jua lisingetua mpaka nife; ningeuza sanda, hakuna ambaye angekufa maisha yangu yote. Kwa visa vya matapeli katika nathari yenye vina, Yehuda al-Harizi wa Toledo, aliyefariki Aleppo mwaka 1225. Kwa soneti za Kiebrania, na safari ya motoni na peponi kwa mkondo wa Dante, Immanuel wa Roma.

Hatua ya 10: Litafsiri

Huwezi kusema umelisoma shairi mpaka umejaribu kulipitisha kwenye uzi wako. Chukua ubeti wa mwisho wa Halevi, weka mizani nane kwa nane, vina viwili. *Yekal* na *yekar* haziwezi kuhamishwa kwa sauti, lakini Kiswahili kina "rahisi", neno ambalo lenyewe lina maana mbili, lisilo gumu na lisilo la bei. Ukiliweka dhidi ya "ghali" unapata kwa maana ulichokipoteza kwa mlio. Jaribio langu:

*Rahisi kwangu kukana, neema za Andalusi;*
*Ghali kwangu kuyaona, mavumbi yake Kudusi.*

Lina gharama zake. Halevi anasema "kuacha", na "kukana" ni kali zaidi. Imeingia kwa ajili ya kina cha ukwapi. Na neno la mwisho kabisa, *neherav*, palipobomolewa, limebaki nje. Nimeligeuzageuza mara nyingi na bado sijapata silabi za kuliingiza.